Sungura kibeti wako wa kwanza: banda la uani, uzio wa sebuleni au chumba kizima?

Sungura akiumwa hapigi kelele. Mbwa atalia, kuku atajikunyata na mabawa yatalegea, paka atajificha uvunguni mpaka umtafute. Sungura hukaa palepale anapokaa siku zote, macho wazi, na ukipita kwa haraka utadhani amepumzika tu. Porini mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, na hofu hiyo haijamtoka hata baada ya vizazi na vizazi vya kuzaliwa mabandani. Kwa hiyo mtu anaponiuliza amweke wapi sungura wake mdogo wa kwanza, humrudishia swali: kwa siku utamwona mara ngapi?

Jibu lake huamua mengi kuliko ubora wa mbao au bei ya kizimba. Mimi mwenyewe nimefuga kwa njia mbili hapa Dar es Salaam, kwanza banda la uani, kisha uzio wa sebuleni. Dada yangu anaishi Arusha, naye wake amempa chumba kizima. Njia zote tatu nimeziona zikifaulu, na zote nimeziona zikimtesa mnyama. Nitazipitia kwa vigezo vilevile ili upime kwa nyumba yako, muda wako na mfuko wako.

Kwanza hakikisha ni kibeti kweli

Sungura kibeti kama Netherland Dwarf akikomaa huwa na kilo 1 hivi. Kichwa chake ni cha mviringo kama chungwa, shingo haionekani, na masikio ni mafupi, sentimita 5 au zaidi kidogo, yamesimama wima. Holland Lop ana masikio yaliyolala mashavuni, na hafikii kilo 2. Wote asili yao ni Uholanzi.

Tatizo ni kwamba kila sungura ni mdogo akiwa na wiki 6. Wengi wanaouzwa ndani ya maboksi kando ya barabara kwa jina la vibeti ni watoto wa sungura wa nyama, New Zealand White au California, ambao wakikomaa hufika kilo 4 na kupita. Ni wanyama wazuri, ila nafasi uliyompimia wa kilo 1 itawabana. Omba kumwona mama yake. Na usikubali kupewa aliye chini ya wiki 8, kwa sababu tumbo lake bado halijazoea majani, na safari, boksi na chakula kigeni vikimkuta kwa pamoja anaweza kuhara na kufa ndani ya siku chache.

Jambo jingine la kujua mapema: akitunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 10, wengine zaidi. Mtoto wa darasa la 1 unayemletea leo anaweza kumaliza kidato cha 4 sungura huyo bado yupo. Kwa hiyo mfugaji halisi ni wewe mzazi, hata kama jina la mnyama litachaguliwa na mtoto.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni joto, na kwa sisi wa pwani ndicho kizito. Sungura hatoi jasho. Joto la mwili hulitoa kwa masikio, na kibeti masikio yenyewe ni mafupi. Hustarehe kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi, na zikipita 28 anaanza kuhangaika. Dar es Salaam mwezi wa 2 mchana hupita nyuzi 31, na unyevu wa bahari juu yake. Baridi kavu anaivumilia kwa sababu ya manyoya. Kinachomwumiza wakati wa baridi ni kulowa na upepo.

Cha pili ni maadui, wa nje na wa ndani. Cha tatu ni macho yako, yaani mara ngapi kwa siku utaona anachokula na choo anachotoa, bila kujilazimisha kwenda kuangalia. Cha nne ni mwendo: nchini Uingereza watetezi wa sungura wanapendekeza sungura wawili wapate angalau mita 3 kwa 2, na mita 1 kwenda juu, wakati wote. Wengi wetu hatutalifikia eneo hilo, lakini ni vizuri kujua jinsi kizimba cha dukani kilivyo mbali nalo. Cha tano ni usafi, maana mkojo wa sungura ni mkali na harufu yake humwingia yeye mapafuni kabla haijakufikia wewe. Cha sita ni gharama, pamoja na thamani ya vitakavyotafunwa.

Yasiyobadilika popote atakapolala

Zaidi ya robo tatu ya chakula chake iwe nyasi kavu, mbele yake usiku na mchana. Meno yake hukua maisha yake yote, ya mbele karibu milimita 2 kwa wiki, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Kenya ni rahisi kupata marobota ya nyasi za Boma Rhodes wanayolishwa ng'ombe wa maziwa. Tanzania pia ulizia kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, au kata nyasi mwenyewe mahali pasipopuliziwa dawa wala kupitwa na mbwa, uzianike hadi zikauke kabisa. Zikishika ukungu zitupe. Robota moja humtosha kibeti miezi kadhaa.

Majani mabichi mpe konzi asubuhi na konzi jioni: giligilani, mchunga, majani ya karoti, matembele. Mchicha na sukuma wiki mpe kwa kiasi, usifanye kila siku. Karoti yenyewe kwake ni kama peremende, kipande cha ncha ya kidole kinatosha. Chakula cha vidonge cha madukani mara nyingi kimetengenezwa kunenepesha sungura wa nyama, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula kwa siku kinatosha kwa kibeti mzima. Mwepushe na parachichi (tunda na majani), majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kitunguu, na majani ya muhogo. Chakula chochote kipya kiingize polepole kwa wiki nzima au zaidi.

Maji yawepo saa zote. Napendelea bakuli zito la udongo lisilopinduka, kwa sababu hunywa kwa kuinama kama alivyoumbwa, na chupa za kuning'inia huziba bila wewe kujua.

Akipitisha nusu siku bila kula au bila kutoa choo, ni dharura. Utumbo wake ukisimama, gesi hujaa, na kila saa unayosubiri inamrudisha nyuma. Kwa sababu hiyo mtafute daktari wa mifugo kabla ya kumnunua sungura. Umuulize waziwazi kama amewahi kutibu sungura, maana kazi yao kubwa huwa ni ng'ombe, kuku na mbwa. Ukienda dukani mwenyewe, kumbuka mambo mawili: amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikinywewa huua bakteria wema wa tumboni mwake na zinaweza kumuua yeye, na dawa ya viroboto ya mbwa iliyoandikwa fipronil haimfai kabisa.

Banda la uani

Hii ndiyo njia wengi tuliyokulia tukiiona: banda la mbao lililoinuliwa juu ya miguu, sakafu ya wavu, paa la bati. Lilibuniwa kwa ajili ya sungura wa nyama, choo kianguke chini na mfugaji asihangaike kufagia. Ukimweka kibeti humo ni lazima ulibadilishe.

*Joto.* Langu la kwanza fundi seremala aliliezeka bati, nami nikaona limependeza. Jumamosi moja ya mwezi wa 2, saa 8 mchana, natoka sokoni na giligilani mkononi, nikamkuta sungura amejinyoosha kifudifudi, pua imelowa, mbavu zinapanda na kushuka kwa kasi nisiyoweza kuhesabu. Niliingiza kiganja nikagusa bati kwa ndani, nikakitoa upesi. Mpwa wangu alikuwa nyuma yangu.

"Mjomba, amelala?"

"Hajalala, mjomba. Kimbia, lete kitambaa na maji ya mtungi."

Tulimlowesha masikio kwa kitambaa, tukamlaza kwenye sakafu ya saruji ya korido, feni tukaielekeza ukutani isimpige moja kwa moja. Hatukumtia kwenye ndoo ya maji, kwa sababu mshtuko wa kupozwa ghafla nao unaua. Ilipita zaidi ya saa nzima ndipo pua ikaanza kuchezacheza, akavuta unyasi mmoja, akautafuna taratibu mpaka ukaisha. Mpwa wangu aliuangalia unyasi ule ukiingia mdomoni kama anayeangalia penalti.

Wiki iliyofuata nilitoa bati, nikaezeka makuti mazito, na kulihamishia banda upande wa mashariki wa nyumba ambako jua la mchana halifiki. Pakawa na nafuu kubwa, ila mwezi wa 1 hadi wa 3 bado nilikuwa namwingiza ndani kila saa 5 asubuhi. Kwa mtu wa Iringa, Lushoto, Limuru au Mbeya kazi hii haipo. Huko la kujali ni kuziba upande wa upepo na kumjazia nyasi nyingi za kulalia.

*Maadui.* Hapa pana orodha ndefu: mbwa wa mtaa, paka shume, nguchiro, nyoka, panya wanaofuata chakula. Wavu mwembamba wa kuku hautoshi, mbwa huurarua na nyoka hupenya. Tumia wavu mzito wenye matundu madogo, na makomeo mawili kwenye kila mlango. Lakini wa kuogopwa kuliko wote ni siafu. Wakija usiku wa mvua, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Simamisha kila mguu wa banda ndani ya kopo lenye oili chafu, uliongeze kila linapopungua, na ukate tawi lolote linalogusa paa, maana watalifanya daraja. Tena, adui si lazima aingie. Paka akizunguka banda usiku kucha, sungura anaweza kufa kwa hofu tu.

*Macho yako.* Huu ndio udhaifu mkubwa wa banda. Unakwenda asubuhi kabla ya daladala na jioni giza likiingia. Choo kimeshaanguka chini kwenye udongo, huwezi kujua kimepungua. Ukichagua banda, weka trei chini ya sakafu uione kila asubuhi, na nyasi zipime kwa konzi ileile ili ujue zimeliwa kiasi gani. Wakati wa joto na mvua mshike kila siku umwangalie nyuma, kwa sababu manyoya yaliyolowa mkojo huita nzi, na funza hutoboa ngozi ndani ya siku moja au mbili.

*Mwendo.* Ndani ya banda lenyewe hana. Anahitaji kutolewa uani, kwenye uzio wa kuhamishika, na wewe uwepo. Jua kwamba anachimba.

*Usafi.* Kwenye kigezo hiki banda linashinda. Harufu inabaki nje, na samadi yake unaweza kuipeleka moja kwa moja kwenye bustani ya mboga. Ila asikanyage wavu saa zote, nyayo zake hazina mito kama za paka, zitachubuka na kuoza. Nusu ya sakafu iwe ubao au mkeka wa ukindu.

*Gharama.* Mbao, wavu na fundi ni mara moja, kisha matengenezo madogo. Hakuna kochi wala waya wa kuliwa.

Linamfaa mwenye uwanja wenye ukuta na kivuli, anayeishi nyanda za juu, au ambaye nyumbani kwake kuna mtu anayeshinda hapo mchana na anayempenda mnyama. Neno la mwisho hilo ni muhimu. Dada wa kazi aliyeongezewa sungura juu ya kazi zake nyingine, bila kuulizwa, hatakuwa na macho naye.

Uzio wa sebuleni

Ni paneli za wavu wa chuma zilizounganishwa kuzunguka kipande cha sakafu, bila paa. Ukizikosa madukani, fundi wa kuchomelea atakutengenezea: kimo sentimita 80 au 90, nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2 na nusu, maana kibeti mchanga hupenyeza kichwa. Ukipata mita 2 kwa 2, anza nazo. Ndani yake weka beseni la choo, rundo la nyasi, bakuli la maji na boksi la karatasi ngumu lenye milango miwili ya kujifichia.

*Joto.* Ndani ya nyumba ya tofali au matofali ya saruji kuna nafuu ya nyuzi kadhaa, na sakafu ya vigae ni baridi kwa tumbo lake. Feni husaidia. Umeme ukikatika, toa chupa ya maji iliyoganda, izungushie kitambaa, iweke karibu yake. Ataiegemea mwenyewe. Usimweke kwenye dirisha la magharibi.

*Maadui.* Nguchiro na siafu umewapunguza sana. Waliobaki ni wa nyumbani: mtoto anayekimbia na kumkumbatia, mgeni anayemnyanyua kwa masikio kama alivyoona sokoni. Sungura akipiga teke hewani mgongo wake unaweza kuvunjika, na kibeti mifupa yake ni myembamba. Kwangu pana sheria moja: anayetaka kumgusa, akae sakafuni na amsubiri aje. Mpwa wangu alikaa siku nne. Siku ya tano sungura alimpanda gotini mwenyewe.

*Macho yako.* Uzio unashinda njia nyingine zote kwenye kigezo hiki, hasa kwa mfugaji mpya. Unapita karibu yake ukienda jikoni, ukitazama taarifa ya habari, ukimfungulia mgeni. Bila kujua unajifunza sauti ya kutafuna kwake, na siku isipokuwepo utahisi. Asubuhi moja nikimimina chai niliona beseni lake lina vijidonge vichache, vidogo kama pilipili manga wakati siku zote ni vya ukubwa wa mbaazi. Nyasi za usiku zilikuwa hazijaguswa. Saa 3 asubuhi tulikuwa kwa daktari, akakuta jino la nyuma limeota ncha na kumchoma ulimi. Lilisagwa, akapewa dawa ya maumivu, nikafundishwa kumlisha uji wa nyasi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kesho yake jioni alikuwa anakula mwenyewe. Angekuwa uani, nadhani ningegundua siku ya pili, na siku ya pili ingekuwa ya kuchelewa.

*Mwendo.* Uzio ni kituo chake, nao pekee haumtoshi. Atolewe kwa muda wa saa 3 au 4 kila siku. Kwa bahati saa anazochangamka ni alfajiri na jioni, saa ambazo watu wa kazini wapo nyumbani. Kwenye vigae tandika mkeka au zulia, vinginevyo miguu humteleza na nyonga huumia.

*Usafi.* Sungura huchagua kona yake ya choo. Weka beseni kwenye kona aliyoichagua yeye, tandika gazeti, juu yake nyasi, kwa sababu hupenda kula akiwa hapohapo. Maranda ya mbao yenye harufu kali na vumbi yaache, humletea mafua. Ukibadilisha kila siku moja au mbili, mgeni hatajua kuna sungura. Dume ambaye hajahasiwa akifika miezi 4 au 5 ataanza kurusha mkojo, na hapo hakuna beseni litakalokuokoa. Umwonapo anakula vijidonge laini vilivyoshikana kama kichala, usishtuke wala usivifagie. Ni chakula chake cha mzunguko wa pili na anavihitaji.

*Gharama.* Paneli, zulia, na nyasi kila baada ya miezi. Kinachosahaulika ni nafasi: sebule ya nyumba ya kupanga ikiwa mita 3 kwa 4, uzio utakula theluthi yake, na familia nzima iwe imekubali kabla ya siku ya kwanza.

Unamfaa anayeanza, mpangaji, mkazi wa ghorofani, mtu wa mji wa joto. Haumfai anayeishi na paka au mbwa ndani, wala mwenye mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Chumba kizima

Dada yangu alikuwa na chumba cha stoo chenye dirisha. Alitoa magunia, akaziba nafasi chini ya kabati, akapandisha nyaya zote ukutani, akatandika mkeka, akamwachia sungura wake. Jioni akirudi kazini humfungulia nyumba nzima. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimwona mnyama yule akikimbia korido nzima, akaruka na kujipinda hewani, kichwa upande huu na miguu upande ule, akatua, akarudia. Wangu ndani ya uzio hajawahi kuruka vile. Nilikaa kimya nikimwangalia, na kwa kweli niliona aibu.

*Joto.* Arusha hakuna shida, hata usiku wa mwezi wa 7 anavumilia. Dar es Salaam chagua chumba kisicho chini ya bati tupu, chenye hewa inayopita, na dirisha lenye wavu wa mbu.

*Maadui.* Umeme, na namaanisha hivyo. Waya wa chaja kwake ni sawa na mzizi uliomzibia njia, huukata kwa kung'ata mara moja. Dada alipoteza chaja mbili na waya wa runinga katika mwezi wa kwanza, na ni bahati tu hakupoteza mnyama. Nyaya zipite juu au ndani ya mabomba ya plastiki. Mimea ya ndani ya vyungu nayo itoke, mingi ni sumu kwake. Na mlango: ajali nyingine unayoweza kuizuia iko kwenye mlango unaofungwa na mtu ambaye hajatazama chini.

*Macho yako.* Hapa kuna mtego. Mtu hudhani aliyemwachia sungura nyumba ndiye anayemwona zaidi. Kumbe mnyama mwenye chumba ana pa kujificha, na akiumwa akiwa uvunguni hutamwona mpaka umtafute. Dada alitatua kwa kumlishia mahali pamoja tu na kwa saa zilezile. Anapotikisa bakuli saa 12 asubuhi na sungura asitokee mbio, anajua kuna jambo.

*Mwendo.* Hakuna cha kulinganisha.

*Usafi.* Mwanzo ni mgumu, vijidonge hadi chini ya mto. Mwanzishie eneo dogo lenye beseni, likieleweka lipanue kidogo kidogo. Baada ya kuhasiwa mambo hubadilika sana. Jike kuhasiwa kuna faida kubwa zaidi ya usafi: majike wasiohasiwa wakivuka miaka 4 hupatwa sana na saratani ya mfuko wa uzazi. Lakini upasuaji wa sungura unataka daktari aliyeufanya kabla, tena asimzuie kula usiku wa kuamkia upasuaji kama afanyavyo kwa mbwa, maana sungura hatapiki na tumbo lake halipaswi kukaa tupu.

*Gharama.* Vifaa ni vichache, uharibifu ni mwingi: pembe za milango, miguu ya viti, kingo za zulia. Mpangaji amwombe mwenye nyumba mapema na ajue amana yake iko hatarini.

Kinamfaa anayemiliki nyumba au ana chumba cha ziada, asiye na watoto wadogo sana, na mwenye subira ya miezi ya mwanzo.

Mmoja au wawili?

Sungura ni wa kundi, na wawili waliozoeana hulala ubavu kwa ubavu na kusafishana nyuso. Katika banda la uani, ambako hukai naye, ningesema wawili karibu ni lazima. Jozi tulivu zaidi ni dume aliyehasiwa na jike. Wasipohasiwa, mimba ni siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Madume wawili wasiohasiwa watajeruhiana. Kama huna daktari wa kuhasi, mfuge mmoja na ujaze wewe nafasi ya mwenzake.

Kwa hali yako

Unaishi ghorofani au chumba na sebule, Dar, Mombasa au Tanga, unatoka asubuhi na kurudi jioni: anza na uzio. Ukirudi, mfungulie sebule yote hadi unapolala.

Una uwanja, ukuta na miti, na mahali penu pana baridi: banda litakufaa, ukilijenga kubwa, ukaweka trei ya choo na makopo ya oili, na mtu wa kumwangalia mchana. Ukiwa pwani na bado unataka banda, liwe la usiku na la miezi ya mvua na ubaridi tu. Kiangazi aingie ndani.

Una watoto wa chini ya miaka 6 lakini walioacha kutambaa: uzio, na uwe mrefu, ufunguo wake ushike wewe. Watoto wa miaka 9 na kuendelea wanaweza kupewa kazi ya kuhesabu konzi za nyasi na kuangalia beseni, na wanaifanya vizuri kuliko wakubwa.

Una mbwa au paka ndani ya nyumba: chumba chenye mlango unaofungwa, au banda imara. Uzio usio na paa paka ataruka.

Una chumba cha ziada lakini hujawahi kufuga: weka uzio ndani ya chumba hicho kwa miezi 2 au 3. Ukishajua choo chake cha kawaida kikoje, na yeye akishalizoea beseni, ondoa paneli moja moja.

Unasafiri mara kwa mara na huna wa kumwachia: subiri kwanza. Jirani anaweza kumwagia maua yako maji mara mbili kwa wiki, ila sungura anataka mtu wa kuangalia nyasi na beseni asubuhi na jioni.

Na iwe njia yoyote uliyochagua, nyasi na namba ya daktari viwe ndani ya nyumba siku mbili kabla yake. Mimi robota langu nilikwenda kulitafuta wakati mnyama tayari yuko ndani ya boksi sebuleni, na usiku ule wa kwanza alikula magazeti.